Kila Idi ikipita tumbo langu lafunga, ninywe sanamaki?

Assalaam aleikum Halati,

Natumai u mzima wewe na wako. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Amu, Langoni, nyumba moja na mume wangu na mavyaa. Shida yangu ni tumbo na naona haya hata kuiandika lakini nshachoka.

Iko hivi. Mwaka mzima niko sawa, sina neno. Ikifika Idi tu, au harusi, au Maulidi, tumbo laniharibikia. Idi ya Mfungo Mosi iliyopita wageni walikuja kutoka Mombasa, wengine Malindi, wengine Pate, nyumba ikajaa mpaka watu wakalala ukumbini chini, na mimi ndo wa jikoni. Kabla ya alfajiri niko na unga wa mahamri, saa nne niko na nyama, mchana pilau, jioni watu wataka viazi karai na bajia, usiku chai tena. Kula kwangu ni kuonja onja sufuria na kudokoa kaimati nimesimama, alafu saa nne usiku ndo nakaa na mawifi kwenye sinia ya biriani nakula kama sijala tangu jana. Nikimaliza nalala, manake miguu imekufa. Maji sikumbuki kunywa, nanywa soda ikiwa iko karibu. Na choo chenyewe ni kimoja, kila nikitaka kwenda kuna mtu ndani na mwengine yuko mlangoni angoja, bas na mimi nangoja mpaka haja yenyewe yapotea.

Siku ya tatu tumbo limefura watu waniuliza kama nina mimba (sina, nimepima). Gesi, kiungulia chanipanda mpaka kooni nikilala, na choo siku nne hakuna kitu. Nikaenda duka la dawa nikapewa Flagyl na Eno ya kiungulia, nikaendesha siku moja, alafu nikafunga tena.

Sasa wifi yangu aniambia dawa ni sanamaki, ati yeye kila Idi ikiisha huchemsha akanywa siku saba kusafisha tumbo na uchafu wote watoka. Kuna na dada mwengine auza majani ya chai ya kusafisha tumbo kwa WhatsApp, pakiti 1,500. Idi ya Mfungo Tatu hiyo yaja na baada yake nina harusi ya shemeji. Nikijaribu kula kidogo mavyaangu anitazama, alafu asema mbele za watu, "huyu chakula chetu hakimpendezi." Nifanyeje? Na mwanangu wa miaka 6 naye alifunga choo Idi ile, naweza kumpa sanamaki kidogo?

Ni mimi,
Mama wa Jikoni, Amu

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Ya choo usiyaonee haya, mimi nimefanya uuguzi mpaka nikastaafu na nakwambia baada ya Idi wengi waja na hili hili, ila waanza kukwambia kichwa, mara mgongo, mpaka uwaulize wewe ndo waseme.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniandikia biriani, bajia, kaimati, soda, na kweli zote zina lake, lakini kile kilichonisimamisha ni pale uliposema wangoja mpaka haja yapotea. Umelipita mbio kana kwamba si kitu. Hilo ndo kubwa kuliko yote, na sanamaki haiwezi kukutengenezea foleni ya choo.

Sikiza nikueleze. Utumbo mpana kazi yake kubwa ni kufyonza maji. Chakula kikifika huko kimeshasagwa, kilichobaki ni mabaki, na kadiri yanavyokaa ndo maji yazidi kuvutwa na mabaki yazidi kuwa makavu. Haja ikija ukaizuia, haipotei, yarudi nyuma na kukaa, na saa sita baadaye ni ngumu kuliko ilivyokuwa. Fanya hivyo siku tatu na hata kukubishia hodi utumbo waacha. Sasa ongeza hapo kwamba hunywi maji, uko mbele ya moto wa jiko na jasho lakutoka, wala hujala hata kipande cha papai. Choo kitatoka wapi? Na kikikwama huko nyuma, bakteria wa utumboni (na ni wengi, matrilioni, wala si wabaya, ni wenyeji wetu) waendelea kuchachusha kilichopo na gesi haina pa kutokea. Hiyo ndo mimba yako.

Lakini wewe una bahati moja ambayo wageni wako hawana. Wewe waamka kabla yao. Nyumba imelala, choo ki tupu, hakuna mtu mlangoni. Shida ni kwamba saa hiyo mwili wako haujapata sababu ya kwenda. Utumbo huamka sana asubuhi, na huamka zaidi chakula cha kwanza kikiingia tumboni, ndo maana watu wengi wakinywa chai tu waenda. Wewe wakanda unga tumbo tupu mpaka saa tatu, na ikija haja wameshaamka wote. Kwa hivyo ukiamka tu, kabla hujagusa unga, kunywa bilauri mbili za maji, ya uvuguvugu ukipenda, kula tende tatu nne au kipande cha papai lililobaki jana, fanya kazi yako kidogo, kisha nenda ukakae. Usiende na simu. Usikamue kwa nguvu. Kama choo chenu ni cha kukaa weka kigoda chini ya miguu magoti yapande juu kidogo, manake ile kuchutama ya vyoo vyetu vya zamani yanyoosha njia vizuri zaidi kuliko kukaa kama uko ofisini. Isipokuja inuka, usilazimishe, kesho rudi saa ile ile. Mwili hupenda saa. Na mchana haja ikija, nenda! Mwambie aliye mlangoni "nipishe mimi niko na sufuria motoni," nani atakukatalia, wao wataka kula.

Maji nayo, usiniambie husahau. Jaza chupa ya lita moja na nusu, iweke pale penye chumvi na bizari, na ikifika adhuhuri iwe imekwisha. Soda si maji. Ile gesi yake yaongeza gesi juu ya gesi. Dafu ni sawa, sharubati ya ukwaju pia sawa ikiwa hukuijaza sukari.

Sasa chakula. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, wengine huziita faiba. Basi angalia siku ya Idi yako: mahamri ni unga mweupe, kaimati unga mweupe, tambi, visheti, halua, pilau ya mchele mweupe, nyama haina nyuzinyuzi hata moja. Kikombe cha wali mweupe hata gramu moja hakifiki. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina kama gramu 11! Yaani wazee wetu walipoweka mahamri na mbaazi sahani moja walijua kutupangia, sisi ndo siku hizi twatoa mbaazi twaweka soseji tukidhani ndo kuendelea. Rudisha mbaazi za nazi asubuhi ya Idi, ziloweke usiku na yale maji ya kulowekea uyamwage, hupunguza zile sukari zinazoleta gesi. Ila kama si mzoeaji anza wiki moja kabla, kidogo kidogo, ukizivamia siku moja tumbo litakuimbia taarabu. Kachumbari iwe bakuli zima si mapambo ya juu ya pilau. Mchicha, mabenda, chochote cha kijani, sufuria moja tu kati ya hizo tisa zako. Na tunda lije kabla ya halua.

Maziwa lala glasi moja kwa siku si mabaya pia, yana bakteria wazuri, na wale ambao maziwa mabichi au chai ya maziwa huwasumbua tumbo huyaweza haya zaidi kwa sababu sukari ya maziwa imeshaliwa na hao bakteria kiasi fulani.

Kiungulia chako kina sababu yake mbali. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na tena hulegeza ule mlango wa juu wa tumbo, asidi yapanda. Wewe wala biriani saa nne usiku baada ya njaa ya siku nzima alafu wajitupa kitandani. Hata mimi ningeungua. Kula kitu cha maana mchana, kaa chini, dakika 20 mpikaji akikaa hakuna mgeni atakayekufa. Usiku ikibidi kula, subiri saa mbili tatu kabla ya kulala, na kama miguu imekataa kusubiri basi inua kichwa cha kitanda kwa matofali, sentimita 15 hivi, ulalie ubavu wa kushoto. Mito mitatu shingoni haisaidii, yakukunja tumbo. Na jioni moja moja toka na mawifi mtembee ukingoni mwa bahari upande wa Shela, si lazima mfike, gesi hupenda mtu anayetembea.

Haya, sanamaki. Najua watu watakwambia ni dawa ya tangu jadi na imetajwa kwenye hadithi za Mtume, na mimi siikatai. Ni dawa kweli, hata hospitali kuna tembe zake, hiyo hiyo senna. Lakini ni dawa ya kufunga choo, si fagio. Inachofanya ni kuusukuma utumbo mpana ujikaze, huchukua kama saa 6 mpaka 12, ndo maana watu huinywa usiku. Ukiwa umefunga kweli na maji na papai yameshindwa, kunywa usiku mmoja au miwili ni sawa. Siku saba kila Idi, huku choo kimeshalainika, hapana. Hakuna "uchafu" ulioganda kwenye kuta unaosubiri kubanduliwa, ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache. Hicho wifi yako anachokiona chatoka ni chakula cha jana na maji ya mwili wake, na pamoja na maji zatoka chumvi na potasiamu, ndo ule unyonge na mapigo ya moyo kwenda mbio wanayolalamika watu alafu wasema "dawa yafanya kazi." Na ukiizoea sana utumbo wako utakaa ukingoja kusukumwa. Mwenye mimba, mwenye maumivu ya tumbo asiyoyajua, mwenye kunywa dawa za presha au moyo, asiiguse bila kuuliza.

Hiyo chai ya WhatsApp ya 1,500, mwambie dada akutumie picha ya nyuma ya pakiti. Nyingi ya hizo chai ukisoma utakuta senna imo, yaani sanamaki ile ile unayoipata kwa muuza dawa za asili hapo Usita wa Mui, imepakiwa vizuri na kuongezwa bei. Kama nyuma hakujaandikwa kitu ndo mbaya zaidi.

Flagyl nayo niliposoma nilisonya. Hiyo ni antibayotiki mwanangu, ni ya amiba na aina fulani za bakteria, si ya shibe. Ukiinywa bila sababu waua na wale wenyeji wazuri niliokwambia, na ndo tumbo lazidi kuvurugika wiki nzima. Asiyekupima asikupe. Eno si mbaya mara moja moja, lakini ina sodiamu nyingi, kwa hivyo mavyaa yako kama ana presha asiifanye chai ya kila usiku.

Mavyaa sasa. Hapa sikupi daktari, nakupa ukubwa wangu. Ukisema "sitaki" umemvunjia heshima mbele ya wageni wake na atakumbuka mpaka Maulidi. Usiseme sitaki. Kwenye sinia hakuna anayehesabu matonge, watu waangalia mkono. Mkono wako usisimame. Fanya tonge dogo, tafuna taratibu, anza na kachumbari na upande wenye mboga, na ile nyama nzuri iliyokujia mbele ivute kwa vidole uisogeze upande wake yeye, "mama chukua hii laini." Umekula kidogo, umemkirimu, na wifi zako wote wameona. Shibe yachukua kama dakika 20 kufika kichwani, ukila hivyo itakukuta kabla sinia haijaisha. Kwa watu mkienda kutembelea nyumba kumi za Idi, kila nyumba kaimati na soda, pokea kaimati moja, omba maji au kahawa chungu badala ya soda, na visheti sema "nifungieni nipeleke kwa watoto." Kufungiwa ni heshima kubwa kuliko kula papo hapo. Na siku mkiwa peke yenu, si mbele ya wageni, mwambie mavyaa kweli yako, kwamba wateseka siku nne choo hakuna. Yeye amezaa, amelea, hayo ayajua. Ile hadithi ya Mtume ya theluthi moja ya tumbo chakula, moja maji, moja pumzi aijua kuliko mimi, hutahitaji kumhubiria. Nitashangaa asipokuwa yeye atakayekutengea papai.

Kuna na jambo hukuliuliza lakini wewe ndo wa jikoni. Kiporo. Wali au biriani iliyobaki usiiache kwenye sufuria juu ya meza mpaka asubuhi kwa joto letu hili. Kuna bakteria kwenye mchele ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, wali ukikaa kwenye joto waamka, wazaana, watoa sumu, na sumu ile hata upashe moto mpaka uvuke haiondoki. Zisipite saa mbili tangu uive, tandaza kwenye trei upoe haraka kisha friji. Friji imejaa nyama ya kuchinja? Basi gawa chakula kingali moto, majirani wako. Mtu akiharisha mtengenezee maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo.

Yako wewe, kwa vile yaja na sherehe na yaondoka nazo, mimi sioni kubwa. Wala usianze kutangaza una alsa. Vidonda vya tumbo havitoki kwa pilipili, vingi vyatoka kwa kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, waliokigundua ni Barry Marshall na Robin Warren kule Australia na wakapewa tuzo ya Nobel 2005, na vingine kwa dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni watu wanazomeza kama njugu. Yapimwa, hayakisiwi. Lakini ukiona damu chooni, au choo cheusi kama lami na hunywi tembe za madini ya chuma, au wakonda bila sababu, au homa, au tumbo gumu lauma na watapika na hata upepo hautoki, hiyo hata iwe usiku wa Idi amka uende hospitali, usingoje boti ya mgeni iondoke kwanza.

Na mtoto usimpe sanamaki. Watoto wa umri wake hufunga choo sherehe kwa sababu ile ile yako, wageni wengi, aogopa kwenda, na michezo imemnogea. Mpeleke wewe mwenyewe asubuhi ukishamaliza zamu yako, muweke dakika tano, miguu juu ya kigoda, na mchana mpe papai na maji, maziwa na biskuti upunguze. Akipita siku tatu nne bila choo, au alia akienda, au wamuona ajichafua chupi kidogo kidogo (hiyo si uvivu, ni choo kigumu kimeziba na chepesi chapita pembeni), mpeleke kliniki wampe dawa ya kulainisha ya kipimo chake.

Halati